Pikapu Ikiinama Nyuma

(Mazungumzo tuliyotoa sisi wa karakana huko Kitui, mbele ya madereva wa parokia, kamati za maji na vikundi vya akina mama. Tumeyaandika hapa kwa kuwa wengi waliyaomba.)



Jana jioni tulipofika hapa tulipita kwanza pale chini ya miti mlipoegesha magari. Hatukuwa tunapeleleza, ni tabia ya fundi tu. Tulikuta magari 9. Kati ya hayo, 6 yalikuwa yamekalia matako kama punda aliyekataa kuinuka, na yalikuwa hayana mzigo! Tukaulizana: kama yako hivi yakiwa matupu, yatakuwaje siku ya gunia za mahindi? Kwa hiyo yale tuliyokuwa tumepanga kusema juu ya kubadilisha oili tumeyaweka kando. Leo tutasema juu ya springi za nyuma.

Tuanze na kuzijua. Springi ya nyuma ya pikapu nyingi tunazotumia, iwe Hilux, Land Cruiser ya kubeba mizigo au Isuzu, ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja chini ya jingine, refu juu, fupi chini. Lile refu la juu ndilo lenye masikio mawili. Sikio la mbele limefungwa kwenye chesisi kwa pini na bushi, halisogei. Sikio la nyuma limening'inizwa kwa kile kichuma kinachobembea, yaani sheko. Kwa nini kibembee? Kwa sababu springi ikilemewa hunyooka, na ikinyooka inakuwa ndefu, basi lazima ipate pahali pa kwenda. Katikati mabamba yote yametobolewa na kushikwa na bolti moja, senta bolti, na kichwa cha bolti hiyo huingia kwenye tundu la kiti cha ekseli. Halafu yu-bolti mbili kila upande hubana springi na ekseli pamoja. Kazi ya kubana ni ya yu-bolti. Senta bolti ni ya kuonyesha mahali tu. Yu-bolti zikilegea, senta bolti hukatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linatembea kikaakaa barabarani. Mmeyaona magari kama hayo. Ukilifuata kwa nyuma unaona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayafuatani.

Sasa, chuma cha springi si chuma cha dirisha. Ni chuma kilichochanganywa na vitu kama silikoni au kromiamu, kikapashwa moto, kikapozwa kwa mafuta, kikapashwa tena kidogo, ndipo kikapata ile tabia ya kukunjwa na kurudi. Wafua vyuma wetu wanakijua vizuri, maana panga na patasi nyingi za jua kali zilikuwa springi za lori zamani. Lakini kukunjwa kuna mpaka. Ukikikunja kupita mpaka hakirudi chote. Kinabaki chini kidogo. Kesho tena kidogo. Hivyo ndivyo gari linavyoinama, si kwa siku moja.

Mtu atauliza, lina ubaya gani gari likiinama, si bado linakwenda? Linakwenda, ndiyo. Lakini usiku taa zake zinaelekea juu, zinampofusha anayekuja, na wewe mwenyewe huoni mtaro. Usukani unakuwa mwepesi kwa sababu pua imeinuka. Kwenye kila shimo ekseli inagonga ule mpira wa kugotea, na mpira ukiisha ni chuma kwa chuma, na pigo linaingia kwenye chesisi. Gurudumu linaweza kufika kwenye madigadi likajikwaruza mpaka tairi ipasuke. Na kuna jambo la breki, ambalo tutalirudia, kwa maana hilo lilitufundisha kwa uchungu.

Kwanza pima. Tafadhali msije karakana kutuambia "naona kama imeshuka". Leteni namba. Tafuta sakafu iliyo sawa, hata baraza la shule ya msingi linafaa kama gari linaingia. Toa mzigo wote, na ile tairi ya akiba ibaki mahali pake. Pampu tairi za kushoto na kulia sawasawa. Shika futi ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu wima mpaka kwenye ukingo wa madigadi. Pima pande zote nne, uandike kwenye kitabu cha gari pamoja na tarehe. Kushoto na kulia zikitofautiana sentimita 1, usihangaike, magari mengi yako hivyo. Zikipita 2, kuna neno. Na kama mnajirani mwenye gari la aina hiyohiyo ambalo springi zake ni nzima, piga hodi, pima na lake mlinganishe.

Halafu lala chini uangalie. Kwenye pikapu nyingi, gari likiwa tupu, bamba la juu linatakiwa liwe bado limepinda kama bakuli, ncha zikiwa juu. Likiwa limenyooka kama rula bila mzigo, limechoka. Likiwa limepinda kinyume, hapo hapana mjadala. Angalia sheko: je, imelala nyuma kabisa? Chukua brashi ya waya usugue matope katikati, karibu na senta bolti, maana mabamba hupenda kuvunjikia pale kwenye tundu, na ufa hujificha chini ya yu-bolti. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu ukikatiza bamba ni dalili ya ufa. Angalia bushi kama mpira umetafunika. Tuliwahi kuletewa gari "lililoinama upande wa dereva", tukakuta springi ni nzima, ni bushi tu na pini vimelika mpaka sikio linacheza.

Na shokabsoba? Hapa tuseme wazi maana pesa nyingi za vikundi zimepotelea hapa. Shokabsoba ya kawaida haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza gari lisirukeruke baada ya shimo. Ukinunua mpya nne leo, gari litatulia, lakini litabaki limeinama vilevile. Anayekuuzia shokabsoba ili kuinua gari ama hajui, ama anajua sana.

Sasa kutengeneza. Njia ziko nyingi na kila fundi ana yake. Sisi tutasema zetu.

Njia iliyo bora ni springi mpya, zote mbili, za aina ya gari lako. Ni ghali, tunajua. Mama mmoja aliuliza: "Na kama pesa ya kikundi inatosha moja tu, si tubadilishe upande uliovunjika?" Mama, ukifanya hivyo gari litasimama kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Springi mpya itakuwa ngumu na ya juu, nzee itakuwa laini na ya chini. Afadhali mngoje mwezi mwingine na gari lisibebe mzigo, au mtumie njia ya pili.

Njia ya pili ni zile zilizotumika, zinazotolewa kwenye magari ya kutoka Japani. Nairobi pale Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utazipata. Si vibaya, lakini nunua jozi iliyotoka gari moja. Hesabu mabamba, pima unene, pima urefu wa sikio hadi sikio, na uziweke mbili sakafuni uone kama zimepinda sawa. Iliyopakwa rangi nyeusi mbichi ikunwe kidogo. Rangi huficha nyufa.

Njia ya tatu ni kupiga springi, yaani kuyafungua mabamba na kuyarudishia mpindo. Mfua chuma mzoefu huyapiga yakiwa baridi, kidogokidogo, bamba zima kutoka ncha hadi ncha, akililinganisha kila mara na mwenzake. Hiyo tunaikubali, ila mjue itashuka tena kiasi baada ya muda, kwa kuwa chuma ni kilekile kilichochoka. Tunayoikataa ni ile ya kutia bamba kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kulikunja, kisha kulimwagia maji au kuliacha lipoe lenyewe chini. Likipoa lenyewe linakuwa laini, wiki mbili limelala. Likimwagiwa maji linakuwa gumu kama chupa na litakatika kama chupa. Kiwandani hulipasha karibu nyuzi 850, wakalizamisha kwenye mafuta, kisha wakalirudisha kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500. Bila kipimo cha joto, hiyo ni bahati nasibu. Na kuchomelea bamba lililovunjika kwa weldi, hapana kabisa. Litavunjika tena pembeni ya weldi. Hata cheche ya waya wa weldi ikigusa springi nzima, inaacha alama ambapo ufa utaanzia. Mnapochomelea bodi, funikeni springi.

Njia ya nne ndiyo inayopendwa, kuongeza bamba. Na hapa ndipo tunapotaka kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi fulani kilituletea pikapu iliyokuwa imelala. Walikuwa wakibeba maji wiki nzima, na mahindi siku ya soko. Wakasema, "Fundi, tutilie springi mpaka isiiname tena." Tukawasikiliza. Tulichukua mabamba matatu mazito kutoka kwa springi za lori, tukayakata, tukayaongeza kila upande. Loo, pikapu ilisimama! Hata watoto walishangilia. Tulipokea pesa na soda.

Kitu ambacho hatukufikiria ni hesabu. Ugumu wa bamba haupandi pole pole kwa unene. Hupanda kwa unene mara unene mara unene. Bamba la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya bamba la milimita 6 lenye upana na urefu uleule. Sisi tuliongeza matatu mazito. Pikapu ikawa kama mkokoteni. Springi zilikuwa hazikunjiki tena, basi kila shimo lilikunja chesisi. Baada ya miezi michache kulionekana ufa nyuma ya kabati.

Lakini kabla ya ufa kuonekana, breki ziliumiza mtu. Katika pikapu nyingi kuna vali ya breki za nyuma, imefungwa juu ya ekseli na kuunganishwa na kijiti. Kijiti hicho kinapima umbali kati ya chesisi na ekseli. Gari likishuka kwa mzigo, vali inajua kuna mzigo, inaruhusu breki za nyuma zikamate sana. Gari likiwa juu, vali inafikiri ni tupu, inapunguza nguvu ili nyuma isiteleze. Sisi tulikuwa tumeinua gari hata likiwa na mzigo. Vali ikadanganyika. Siku ya soko, pikapu ikiwa imejaa gunia na akina mama juu yake, ikateremka kwenda kwenye drifti ya mto mkavu. Dereva akakanyaga breki. Nyuma zilishika kidogo tu, kazi yote ikaenda mbele, magurudumu ya mbele yakafunga kwenye changarawe na gari likateleza moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa saruji. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walichubuka. Dereva alilaumiwa sana, na wengine walisema alikuwa amekunywa. Hakuwa amekunywa. Tulipolala chini ya lile gari na kuona kile kijiti, tulijua lawama ni ya nani. Tulikwenda kwa yule mama, tukaenda kwa kamati, tukasema. Mabamba tuliyatoa bila malipo na bili ya hospitali tuliilipa kwa awamu.

Basi siku hizi tunaongeza bamba moja tu kila upande, likiwa na unene uleule wa mabamba ya chini na upana uleule. Tunalipanga mahali pake kwa urefu: fupi kuliko la juu yake, refu kuliko la chini yake. Tunalipa mpindo unaozidi wenzake kidogo. Senta bolti inakuwa mpya na ndefu zaidi, yu-bolti mpya. Na kijiti cha vali tunakirekebisha kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama fundi wako hajui vali hiyo iko wapi, usimpe kazi hii. Jambo hili lina upande wa pili pia: springi zikiwa zimelala sana, vali inafikiri gari limejaa siku zote, na likiwa tupu kwenye mvua nyuma hufunga na kuzunguka. Kwa hiyo hata aliyeacha gari lilale hayuko salama.

Njia za mkato tutazitaja haraka. Sheko ndefu inainua bodi lakini springi inabaki ileile iliyochoka, na pembe ya propela shafti inabadilika. Kipande cha mbao kati ya springi na ekseli, tumekiona, na tunaomba tusikione tena.

Kuhusu kazi yenyewe, jambo la kwanza ni uhai wa fundi. Zuia magurudumu ya mbele. Inua, kisha ukalishe chesisi juu ya stendi za chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa msalaba. Usikalishe juu ya mawe au matofali, maana hupasuka bila kukohoa. Jeki peke yake si rafiki. Jeki ya pili ishike ekseli, isiachwe ining'inie kwa mpaipu wa breki. Kabla ya kufungua senta bolti, bana mabamba kwa klampu mbili, moja kila upande, kwa kuwa yamebanwa na yana hasira. Bolti ikitoka bila klampu yanaweza kukurukia usoni. Sugua mabamba yote. Grisi ya grafiti kidogo kwenye ncha, pale yanaposuguana, inatosha. Ukiyapaka yote, vumbi letu litafanya msasa. Na ile desturi ya kumwagia springi oili chafu ya injini iachwe, inakula mpira wa bushi.

Wakati wa kufunga, hakikisha kichwa cha senta bolti kimeingia kwenye tundu lake. Kaza yu-bolti kwa msalaba, kidogokidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Lakini bolti za masikio na za sheko, zile zenye bushi za mpira, usizikaze mpaka mwisho gari likiwa hewani. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza juu, mpira unajikunja siku zote na unachanika mapema. Baada ya kilomita 500 hivi, kaza yu-bolti tena. Wengi husahau hili. Pigeni alama ya chaki kwenye kioo.

Mwisho ni mzigo, na hapa wanaohusika ni kamati kuliko dereva, kwa maana mara nyingi dereva anaamrishwa. Kitabu cha gari kinasema uwezo wa kubeba. Tuchukue pikapu ya kilo 1,000. Watu watatu ndani ya kabati ni kama kilo 210. Zinabaki 790. Gunia la mahindi ni kilo 90, basi ni gunia 8, kilo 720, na hapana mtu juu yake. Si 15. Maji nayo, lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo maji ya tangi la lita 1,000 tayari yamemaliza uwezo wote kabla hujahesabu tangi lenyewe na dereva. Simiti mfuko ni kilo 50. Mchanga mbichi hauna huruma, usipimwe kwa macho. Bamba la ziada haliongezi kilo hata moja kwenye hesabu hiyo, kwa sababu ekseli, breki, tairi na chesisi ni zilezile. Linaturudishia tu kile kilichopotea. Mzigo upangwe kuanzia kabati kurudi nyuma, usirundikwe mlangoni.

Mwenyekiti mmoja alituambia hapa nje, "Tukibeba gunia 8 hatutapata faida ya petroli." Hatuna jibu la kumfurahisha. Tulimwomba aandike kwa mwaka mmoja pesa za springi, tairi na bushi katika ukurasa mmoja na pesa za mahindi, halafu kamati nzima iketi iangalie ukurasa huo.

Kesho saa mbili asubuhi tutaifungua ile pikapu nyeupe ya kikundi cha maji, yenye bamba la pili lililovunjika upande wa kushoto. Vipimo vyake ni sentimita 47 kulia na 43 kushoto, tumeviandika. Yu-bolti tumezipulizia mafuta tangu jana ili kutu ilegee. Mwenye ovaroli aje nayo, na madereva wawili walete brashi za waya.